Usiapdeti Usiku wa Kuamkia Kazi

Juzi kijana mmoja wa Muheza kaniandikia: "Dada shikamoo. Nasikia ArcMap inakufa na QGIS inaingia namba 4. Wiki ijayo nina kazi ya kupima mashamba ya michungwa. Niapdeti leo au nisubiri kesho?"

Kwa msiojua, ArcMap na QGIS ni programu za kompyuta za kuchora ramani. Nikamjibu marahaba, na neno moja: usiapdeti, yaani usiweke toleo jipya. Halafu nikazima simu, nikajilaza, usingizi ukakataa. Swali lake lilikuwa limenirudisha mwaka 2021, mahali ambapo sipendi kurudi. Wengi mnaonisoma hapa mko njiani kama mimi, mnataka siku moja mtu akitaka ramani Tanga hii akutafuteni nyinyi kwanza, kwa hiyo leo nalisema lote.

Wakati ule nilikuwa na laptopu moja nzee yenye QGIS 2.18. Naijua kama njia ya kutoka kwetu Makorora kwenda sokoni. Nilijifunza mwenyewe, usiku, kwa bando la kuungaunga, na ndani ya miaka mitatu nikawa napata kazi ndogondogo: ramani ya shamba la minazi, mchoro wa mtaa, mara moja ramani ya kisima cha msikiti, ambayo nililipwa kwa soda na dua. Ikaja kazi ya kweli. Mzee mmoja mwenye majaruba ya chumvi kaskazini mwa mji alitaka mipaka yake ichorwe vizuri, maana majirani walikuwa wanamsogelea na yeye alikuwa na mchoro wa zamani tu. Mchoro wenyewe ulikuwa na koodineti, yaani namba za mahali, za bikoni zote, zile alama za mipaka. Nikaziingiza moja moja kwa mkono, siku mbili nzima, nikipiga chafya kwa vumbi la ile karatasi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye mfupa. Michoro ya zamani ya nchi hii, pamoja na zile karatasi za ramani za 1:50,000 tunazoziita Y742, imejengwa juu ya datamu (msingi wa kuhesabia mahali duniani) ya Arc 1960. GPS na simu yako vinatumia WGS 84. Zote mbili zina UTM, ule mfumo wa kutaja mahali kwa mita, kanda ya 37 Kusini, zote mbili zinakupa namba zinazofanana sura, tarakimu sita za mashariki na saba za kaskazini, na ukiziweka pembeni huwezi kujua ipi ni ipi. Lakini dunia zinayoipima si ya umbo moja, wala kitovu chake hakikai mahali pamoja. Ukichukua namba ya Arc 1960 ukaiita WGS 84, huku kwetu pwani kitu chako kinahama mita 300 hivi kwenda kaskazini, na karibu mita 90 au 100 kwenda magharibi. Kwenye programu kila mfumo una namba yake ya utambulisho, huitwa EPSG: ya kwanza ni 21037, ya pili ni 32737. Zikariri kama namba ya simu ya mama yako.

Kwenye ile laptopu nzee nilikuwa nimeweka mpangilio kwamba leya (tabaka la ramani) yoyote isiyo na projekisheni, yaani isiyosema namba zake ni za mfumo gani, ichukuliwe kuwa 21037. Niliuweka zamani sana, nikausahau. Kila kitu kikawa kinakaa mahali pake, nami nikaamini kwamba mimi ni fundi.

Siku moja kabla ya kukabidhi, skrini ya laptopu ikafa. Nikaazima ya binamu yangu anayekaa Chumbageni, nikapakua QGIS ya mfululizo wa 3, nikafurahi, nikasema heri, nilikuwa nataka kuhama siku nyingi. Kumbukeni QGIS 3.0 ilitoka Februari 2018, ikabadilisha matoleo ya Python na Qt, misingi miwili iliyojengewa, na plagini nyingi za zamani, vile viprogramu vya nyongeza, zikakataa kufunguka. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma miaka mitatu na nikaona aibu. Aibu ya kuwa na toleo la zamani! Hata sijui nilikuwa namwonea aibu nani.

Faili nilizitoa kwa flashi. Mnaojua shepufaili, ile ya kuhifadhia leya, mnajua si faili moja, ni ukoo mzima: kuna .shp, .shx, .dbf, na .prj ambayo ndiyo inayosema namba hizi ni za wapi. Mimi nikanakili tatu za kwanza. Ya nne sikuwahi kuwa nayo, kwa sababu ule mpangilio wangu wa kimyakimya ulikuwa unanifichia kwamba haipo.

Leya ikafunguka. Pembeni yake ikakaa alama ndogo ya kuuliza. Nikaibofya, ikaniletea orodha, nikaandika UTM 37, nikachagua ya kwanza niliyoizoea macho: WGS 84. Sekunde nne. Bando lilikuwa limekata, kwa hiyo sikuweka picha ya satelaiti nyuma. Majaruba yangu yalikaa kwenye uwanja mweupe, mazuri, yana rangi, yana mshale wa kaskazini, yana kila kitu isipokuwa ukweli.

Kesho yake tulikutana shambani. Mzee, wanawe wawili, jirani mgomvi, na bwana mmoja wa ofisi fulani aliyekuja na tableti. Akaomba faili, akaifungua juu ya picha ya satelaiti. Kimya. Kisha akamgeuzia mzee ile tableti. Majaruba yote yalikuwa yamepanda kaskazini, yamekaa juu ya mikoko. Na mikoko, kwa asiyejua, ni hifadhi ya Serikali, haiguswi bila kibali. Mbele ya jirani yake mgomvi, ramani aliyoilipia mzee ilikuwa inamshtaki kwamba amevamia msitu.

Mzee hakunifokea. Angenifokea ningepona haraka. Alivua kofia, akaipangusa, akasema, "Binti, umenipeleka mikokoni." Jirani akacheka mpaka akashika tumbo. Mabaki ya malipo sikuyadai. Mwanawe mkubwa alinirudisha mjini kwa bodaboda na njia nzima hatukusemezana.

Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Sifa yangu ilikuja polepole miaka mitatu, ikaondoka asubuhi moja.

Na sasa naungama lile ambalo sijawahi kuliandika. Kwa miaka miwili niliwaambia watu kwamba QGIS mpya ndiyo iliyoniharibia. Nilisema hivyo kwenye magrupu, nilisema hivyo kwa wanafunzi wangu wa kwanza. Uongo. Programu iliniuliza. Ile alama ya kuuliza ilikuwa pale pale, mimi ndiye niliyejibu bila kusoma swali. Toleo la zamani ndilo lililokuwa linaninyamazia, nami nikalichukulia kimya chake kuwa ujuzi wangu.

Kwa hiyo turudi kwa kijana wa Muheza na wenzake.

ArcMap: ndiyo, Esri, wenye programu hiyo, walishatangaza siku nyingi kwamba msaada wake ni mpaka tarehe 1 Machi 2026, na 10.8.2 ndiyo ya mwisho. Haina maana kwamba siku hiyo laptopu yako italipuka. Ina maana hakuna atakayeitibu ikiugua. Wenye fedha watakwenda ArcGIS Pro, wengine tuko QGIS, hiyari yenu.

QGIS: toleo jipya hutoka kila baada ya miezi minne, na mara moja kwa mwaka toleo moja huteuliwa kuwa la muda mrefu, hilo hurekebishwa kasoro mwaka mzima bila kubadilishwa tabia. Kazi ya kulipwa ifanyie kwenye hilo la muda mrefu. Jipya jipya lichezee Jumapili. Namba 4 inahama kutoka Qt5 kwenda Qt6, na kwa niliyoyaona mwaka 2018, mkikimbilia siku ya kwanza mtakuta plagini mnazozipenda hazijafika. Subirini. Nasema subirini. Kwani mashamba ya michungwa yanakwenda wapi?

Shepufaili: iacheni jamani. GeoPackage ni faili moja, projekisheni iko humo ndani, haiachwi nyuma kwenye flashi. Na haikati majina. Shepufaili haipokei jina la safu ya jedwali lenye herufi zaidi ya 10. Nilishawahi kuwa na safu ya jina_la_mmiliki na nyingine ya jina_la_mmea kwenye ramani moja. Zote zikakatwa zikawa jina_la_mm, ya pili ikabatizwa jina_la__1, na nikachapisha jedwali linalosema shamba linamilikiwa na Mkorosho. Mteja yule alicheka, Mungu ambariki.

La tatu, au la nne, sijui nimefika wapi: usiapdeti usiku wa kuamkia kazi. Nimeshalisema? Nalisema tena. Weka jipya pembeni, la zamani libaki, yanakaa yote mawili kwenye mashine moja bila ugomvi. Fungua kazi ya zamani kwenye jipya, weka picha ya satelaiti, tazama kona ya jengo unalolijua kwa macho yako. Bando la kupakia picha hiyo ni bei ya kikombe cha kahawa na kashata. Mimi niliibania, nikalipa majaruba. Vijana mnanunua bando la kutazama mpira mpaka usiku wa manane, halafu mnaniambia satelaiti inakula data!

Nijisifu kidogo, nimeshajidhalilisha vya kutosha. Mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao, kuna ramani ya kiwanja imegombana na ukuta. Wapimaji wawili wameshaitazama, mmoja analaumu GPS, mwingine analaumu aliyejenga. Nikaomba wanipimie tofauti. Mita 300 na kidogo kaskazini, tisini na kitu magharibi. Hata laptopu sikuifungua. Nikawaambia, rudisheni 21037. Ikakaa kwenye ukuta kama kofia kwenye kichwa cha mwenyewe. Mmoja aliniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia mikokoni, hakuelewa.

Yule mzee wa chumvi sijamrudia. Nimeshamchorea ramani yake upya, sahihi, iko kwenye bahasha kabatini tangu mwaka jana. Kila nikipita njia ile kwa baiskeli nakanyaga pedeli haraka.

Kijana wa Muheza naye kajibu asubuhi hii: "Dada samahani, ujumbe wako niliuona nimeshaapdeti." Nimemwambia afungue leya ya michungwa aniambie kama pembeni kuna alama ya kuuliza. Mpaka naandika hapa, tiki mbili za buluu, jibu hakuna.