Msimamizi wa bweni hana kitu: je, internati (shule ya bweni) yenyewe inaweza kulipa?

SWALI: Mama Avoka, nilisoma katika internati ya kanisa hapa Lubumbashi. Tangu nina miaka 13 hadi 15, msimamizi wa bweni alikuwa ananibaka. Nilimwambia mkuu wa shule. Mtu yule akahamishiwa shule nyingine, yakaishia hapo. Leo nina miaka 22. Yeye hana hata nyumba. Je, nimechelewa? Fidia nitaidai kwa nani? (Msomaji, Katuba)

JIBU: Mdogo wangu, pole sana. Ulisema ungali mtoto, na waliopaswa kukulinda wakamlinda yeye.

Hujachelewa, lakini usingoje. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inampa aliyebaka mtoto miaka 7 hadi 20 gerezani, na kosa la uzito huo haliwezi kushtakiwa tena ikipita miaka 10 tangu siku lilipotendwa. Kila tendo lina hesabu yake. Yale ya mwisho, ulipokuwa na miaka 15, yamebakiza kama miaka 3. Yale ya kwanza yanafunga mwaka huu au ujao. Peleka mashtaka parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) mwezi huu: uchunguzi ukianza, hesabu inakatika.

Sasa fidia. Watu wengi hukosea hapa: wanamshtaki mtenda peke yake, wanashinda, halafu wanabaki na karatasi ya hukumu mkononi. Ingia kama pati sivili, yaani mwathirika anayedai fidia, katika kesi ile ile ya jinai, na uombe mwenye internati aitwe mahakamani kama mwajibikaji wa fidia. Kifungu cha 260 cha kitabu cha tatu cha Kodi ya Sivili (sheria za kiraia) kinamwajibisha mwajiri kwa madhara ambayo mtu wake ameyafanya katika kazi aliyompa. Kulinda bweni usiku ndiyo ilikuwa kazi yake. Tena kuna kifungu cha 259, kinachohusu uzembe: waliambiwa, wakamhamisha tu. Kwangu mimi, hapo ndipo penye nguvu ya kesi yako.

Anayeitwa awe yule mwenye utu wa kisheria, yaani anayeweza kushtakiwa kwa jina lake, mara nyingi dayosisi au shirika la watawa. Jina la shule peke yake linaweza kuangusha ombi lako. Ufanye hivyo tangu mwanzo, mbele ya mahakama inayoitwa Tribunal de Grande Instance, kwa sababu kwenye rufaa hutaweza kuingia upya kama pati sivili.

Labda umesikia pia habari za wale mama watano machotara walionyang'anywa mama zao enzi za ukoloni na kupelekwa misheni ya Katende, Kasai. Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamuru Ubelgiji imlipe kila mmoja euro 50,000. Walishinda baada ya miaka zaidi ya 70 kwa kuwa lilihesabiwa kosa dhidi ya ubinadamu, ambalo halifi kwa muda. Kesi yako haina kinga hiyo. FONAREV, mfuko wa serikali wa fidia, nao ni wa waathirika wa vita.

Huna pesa? Omba komini cheti cha umaskini kikupunguzie gharama za mahakama. Wakija na bahasha ya "kumaliza kindugu", usitie sahihi. Sheria ya 2006 imekataza kosa hili kumalizwa kwa faini ya mapatano.

Tafuta bultini zako (karatasi za matokeo), risiti za minervali (ada ya shule), na wenzako wa bweni lile. Jina la mkuu wa shule uliyemweleza, na mwaka, viandike kwenye ukurasa wa kwanza wa mashtaka.