Tegu wa panya kuingia kwa mtoto: kwangu yalitokea, na mlango ulikuwa gunia la mchele

Dada uliyeuliza kuhusu hiyo nyumba mliyohamia Mtwapa, yenye shamba nyuma na panya wanapishana darini usiku kucha, nimekuelewa wataka kujua mambo matatu: kama ni kweli panya wana tegu, ule mnyoo bapa mrefu kama utepe, anayeingia kwa watoto, kama kufuga paka kutamaliza hiyo kadhia, na kama mbegu za papai anazotoa bibi zatosha. Ntakujibu kwa yaliyonifika mwenyewe, manake mimi nauza nafaka, nina stoo Kongowea hapa Mombasa mwaka wa kumi na moja sasa, na panya nawajua kuliko majirani zangu.

La kwanza, ndio ni kweli. Ila hapiti njia watu wanayofikiri.

Binti yangu alikuwa na miaka saba. Akitoka madrasa hupitia stoo angoje nifunge turudi pamoja, na kazi yake hapo ni kutafuna mchele mbichi, hii tabia ya wasichana wa kwetu mnaijua wenyewe, anachota konzi kwenye gunia lililofunguliwa, anatia mdomoni, anaendelea kucheza, nikimgombeza anahamia gunia jingine. Alipenda sana zile chenga. Basi ikaanza tumbo, mara linauma mara limeacha, kuharisha kidogo, chakula hataki, usiku anajigeuzageuza na kusaga meno. Zahanati tuliyoanza nayo hata choo hawakupima, akapewa ile tembe ya minyoo ya kutafuna, albendazoli, dozi moja tukarudi nyumbani. Wiki tatu baadaye hali ni ile ile, akapewa tena. Mara ya tatu mama yake akakataa akasema hatoki na tembe bila kipimo, akampeleka kwengine wakapima choo, na kijana wa labu akanipigia simu, mzee ukipata nafasi pita uone kitu.

Nikaenda nikaweka jicho kwenye mikroskopu. Yai mviringo, rangi ya asali, ganda nene, na ndani yake ni kama kuna yai jingine dogo, na ndani ya hilo dogo vindoano sita vimepangana viwili viwili. Yule kijana akaniuliza huku anacheka, mzee, huyu mtoto anakula panya? Nikamwambia anakula mchele. Akasema basi ni hapo hapo.

Huyo tegu anaitwa Hymenolepis diminuta, mwenyewe makao yake ni utumbo wa panya na aweza kufika urefu wa sentimita 60. Panya anakunya kwenye stoo, mayai yako ndani ya mavi, sasa vile vidudu vyekundu vya unga, si fukusi mwenye mkonga, ni yule mwekundu bapa anayekimbia ukitikisa gunia, vinatafuna mavi pamoja na unga, na yai likiingia tumboni mwa kidudu linageuka kitegu kichanga kisichoonekana kwa macho. Panya akila kidudu amejirudishia tegu wake. Mtoto anayetafuna chenga mbichi anameza kidudu bila kujua na anakuwa amekaa mahali pa panya. Kwa hiyo kushika panya ama kuumwa na panya hakukupi tegu huyu, na hata yai lenyewe ukilimeza litapita tu, sharti lipitie kwa mdudu kwanza. Na ugali hauna shida, wali hauna shida, moto unaua. Shida ni vinavyoliwa bila kupikwa, mchele mbichi, unga wa kulambwa, tende za zamani. Wazee wetu Ramadhani hupasua tende wakaangalia ndani kabla ya kutia mdomoni, nilikuwa naona ni usafi wa kupitiliza, sasa napasua.

Ana nduguye mdogo, Hymenolepis nana, tuseme tegu kibete, hafiki hata sentimita tano lakini huyu ndiye wa kuogopwa kwenye nyumba yenye watoto wengi, manake hamhitaji mdudu, yai linatoka kwa mtoto huyu kwa mikono michafu linaingia kwa yule, na hata ndani ya tumbo lile lile mayai yaweza kuangua bila kutoka nje, ndio utaona mtoto ana mamia.

Dawa yao ni prazikwanteli, ile ile ya kichocho ambayo watu wa Kwale na Kilifi wanaijua sana. Wangu alipigiwa miligramu 25 kwa kila kilo, alikuwa na kilo 24, ikatoka tembe moja kamili ya 600, chungu ajabu, akapewa na mahamri. Albendazoli dozi moja ni ya minyoo ya chango na safura, si kwamba zahanati ilimpa sumu, ilimpa ufunguo wa mlango mwingine. Tuliporudia kipimo choo kilikuwa safi alhamdulillah.

Sasa la paka. Kijana wangu wa stoo ametoka Ganze, amekulia kutega panya wa shamba na sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na kuwala, mimi dini yangu hainiruhusu lakini simcheki, anajua mambo ambayo mimi sijui. Alinambia kwao panya akipasuliwa kwanza yaangaliwa maini, yakiwa na milia myeupe hutupwa. Siku moja tulimnasa panya mmoja mkubwa, nikamwambia hebu nionyeshe, akampasua kwa kisu cha magunia juu ya kipande cha boksi, na wallahi ini lilikuwa na michirizi ya rangi ya maziwa kama mtu amechora kwa chaki, na pembeni kwenye ncha kuna kifuko ukubwa wa punje ya mbaazi, alipokitoboa kikatoka kitu cheupe kimejikunja. Nikapiga picha nikamtumia yule wa labu.

Kumbe ni vitu viwili mbalimbali. Kile kifuko ni mtoto wa tegu wa paka, anakaa kwenye ini la panya akimngoja paka ale, binadamu kumpata ni nadra mno. Ile michirizi ni mayai ya mnyoo mwingine, Calodium hepaticum, na huyu ana ujanja wake, mayai hayatoki kwa choo cha panya, yanabaki yamefungiwa kwenye ini mpaka panya afe aoze ama aliwe. Paka akimla mayai yanapita tumboni mwake salama yanamwagwa mchangani, na hapo mchangani ndipo yanapoiva baada ya wiki kadhaa. Mtoto anayekula udongo anaweza kuyameza, na yakishaiva minyoo hukimbilia ini lake. Kwa watu ni ugonjwa wa nadra, sikutishi, lakini ukiingia si wa mchezo. Na cha kushangaza, mwenye kula ini la panya lenye mayai mabichi hapati ugonjwa, mayai yanapita tu yanatoka, labu ikiyaona yaweza kumtia mtu hofu bure.

Kwa hiyo paka fuga, panya watapungua, lakini mpe dawa ya minyoo, na ule mchanga wa ujenzi uliobaki uani funika turubali, manake paka akiona mchanga laini ameona choo.

Kwa kuwa mko shambani kuna jengine, konokono na wale makoa wa masika wasio na gamba. Kuna mnyoo anayekaa kwenye mishipa ya mapafu ya panya, watoto wake hutoka na mavi, konokono akiyala mavi hayo, hao watoto hukua ndani yake, na mtu akila konokono mbichi ama saladi yenye kakoa kadogo hakakuonekana, wanapanda hadi kwenye utando wa ubongo. Visiwa vya hapa baharini, Reunion na Mayotte, wagonjwa wameonekana. Sukuma ya kachumbari ioshwe jani moja moja, na watoto wasichezee konokono halafu wakalamba vidole.

Mende pia wana mnyoo wa kwao wanayempokea kutoka kwa panya, na Mwitaliano mmoja, Calandruccio, mwaka 1888 aliwameza vichanga wake kwa makusudi aone itakuwaje, ikawa tumbo la kumliza. Ndio usomi huo.

Ila ukiniuliza mimi nini cha kuogopa zaidi kwa panya ntakwambia mkojo kuliko mnyoo. Ile homa ya mgunda iliyoua watu Lindi, Tanzania, mwaka 2022, ni bakteria wa mkojo wa wanyama kama panya, na huyo anaingia hata kwa mchubuko wa mguu ukikanyaga maji machafu.

Stoo sasa magunia yako juu ya paleti, nusu mita kutoka ukutani ili nipite na tochi, unga wa nyumbani uko kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, na mchele hupepetwa kwa ungo kabla ya kuingia jikoni. Sumu situmii karibu na chakula, natumia mitego. Binti bado namkuta nyuma ya paleti shavu limefura, nimeamua kumfungashia njugu za kukaanga.

Na mbegu za papai, mamangu pia alizileta, zimekaushwa zimetwangwa zikachanganywa na asali, mtoto akanywa siku tatu huku analia. Yale mayai niliyoonyeshwa kwenye mikroskopu niliyaona baada ya hizo mbegu, si kabla. Mwache bibi atoe zake, usimvunje moyo, lakini kesho asubuhi choo cha mtoto kiende labu kwenye kikopo chenye kifuniko, uwaambie waziwazi watafute tegu, na wakimpata uwaulize ni yupi, wa panya ama kibete, manake akiwa kibete itabidi upime na nduguze wote.