Khmer Rouge hawakuisha Januari 1979

SWALI: Nafundisha historia kidato cha sita. Kwenye jaribio niliuliza ni nani aliyeiwakilisha Kambodia katika Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Mwanafunzi mmoja akajibu kuwa ni serikali ya muungano ambayo Khmer Rouge, wakomunisti wa Pol Pot walioiteka nchi hiyo mwaka 1975, walikuwa ndani yake. Nilimkosesha, maana kila orodha ya matukio niionayo mtandaoni imeandikwa "Khmer Rouge, 1975–1979". Sasa kaniletea kitabu cha zamani cha Umoja wa Mataifa kinachoitaja Kampuchea ya Kidemokrasia, jina la nchi hiyo chini ya Khmer Rouge, kati ya wanachama. Je, kitabu kina makosa? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Kitabu kiko sahihi, mwalimu, na mwanafunzi wako pia. Yenye makosa ni hiyo orodha ya mtandaoni. Swali hili, kwa sura moja au nyingine, hunifikia kila msimu wa mitihani, kwa hiyo unisamehe nikiwa mkali kidogo.

Kilichotokea tarehe 7 Januari 1979 ni kwamba jeshi la Vietnam liliingia Phnom Penh. Basi. Pol Pot na wapiganaji wake walirudi nyuma hadi mpaka wa Thailand, na kufikia Septemba serikali mbili zilikuwa zinadai kiti kimoja cha Umoja wa Mataifa, New York: ya Heng Samrin, iliyosimikwa na Vietnam na kushika mji mkuu, na ya Pol Pot iliyokuwa porini. Kamati ya nchi tisa inayokagua hati za wajumbe ilizikubali hati za upande wa Pol Pot kwa kura 6 dhidi ya 3. Tarehe 21 Septemba Baraza Kuu likaridhia kwa kura 71 dhidi ya 35, nchi 34 zikajizuia kupiga kura. Rais wa kikao hicho cha 34, kwa faida ya wanafunzi wako, alikuwa Mtanzania, Salim Ahmed Salim.

Wengi waliopiga kura ya ndiyo hawakuwa wakimtetea Pol Pot. Hoja yao ilikuwa kwamba serikali iliyosimikwa na jeshi la nchi nyingine isipokewe, na kwamba uovu wa utawala si ruhusa kwa jirani kuuvamia. China, iliyokuwa imepigana na Vietnam mwezi Februari mwaka huohuo, ilikuwa na sababu zake. Marekani nayo ilikuwa na zake, na Thailand ilikuwa na vifaru vya Vietnam mlangoni. Sasa waambie wanafunzi waliweke jambo hili kando ya Uganda. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979, miezi mitatu tu baada ya Phnom Penh. Hoja ya uvamizi ingeweza kutumika kule vilevile, na baadhi ya viongozi wa Afrika waliitumia, lakini kiti cha Uganda New York hakikugombaniwa. Amin hakuwa na mlezi mwenye nguvu. Majeshi ya Tanzania yaliondoka baada ya miaka miwili. Ya Vietnam yalikaa Kambodia hadi Septemba 1989.

Kufikia 1982 sura ya Pol Pot ilikuwa imewachosha hata waliompigia kura. Ndipo tarehe 22 Juni, mjini Kuala Lumpur, ukaundwa muungano wa wapinzani wa serikali ya Heng Samrin: Norodom Sihanouk, mfalme wa zamani, akawa rais, Son Sann waziri mkuu, na Khieu Samphan wa Khmer Rouge makamu wa rais mwenye dhamana ya mambo ya nje. Angalia nani kapewa mambo ya nje. Jina la nchi halikubadilika, na bendera iliyopepea mbele ya makao makuu ilibaki ileile nyekundu yenye hekalu la minara mitatu ya manjano. Hilo ndilo jibu la mwaka 1985.

Kosa hili linaendelea kuzaliana kwa sababu watu wanachukua mipaka ya mahakama na kuifanya mipaka ya historia. Mahakama maalumu iliyoanza kazi Phnom Penh mwaka 2006 iliruhusiwa kushughulikia makosa ya kati ya 17 Aprili 1975 na 6 Januari 1979 pekee. Mipaka hiyo ilitokana na majadiliano kati ya Umoja wa Mataifa na serikali ya Hun Sen, waziri mkuu wa Kambodia wakati huo, na ilimfaa kila mkubwa: mabomu ya Marekani juu ya Kambodia yalikoma Agosti 1973, yakabaki nje, na misaada iliyowafikia Khmer Rouge baada ya 1979 ikabaki nje pia. Mwandishi wa mtandaoni anazikuta tarehe hizo kwenye hukumu, anazibandika kama umri wa Khmer Rouge, na wenzake mia wananakili.

Ukweli ni kwamba miaka ya 1980 Khmer Rouge walikuwa na kambi mpakani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliishi kwa vito vya Pailin, karibu na mpaka wa Thailand, na magogo yaliyouzwa Thailand. Walitia saini mkataba wa amani wa Paris tarehe 23 Oktoba 1991, kisha wakagoma kusalimisha silaha na kususia uchaguzi wa Mei 1993. Bunge liliwapiga marufuku mwaka 1994. Ieng Sary, aliyekuwa waziri wao wa mambo ya nje, alijitenga nao 1996, Pol Pot akafa Aprili 1998 karibu na Anlong Veng, na Nuon Chea, naibu wake, pamoja na Khieu Samphan wakajisalimisha Desemba mwaka huo. Hapo ndipo unaweza kuandika mwisho.

Kwa hiyo mwanafunzi akiletewa tarehe ya "mwisho wa utawala", aulize mambo matatu kila moja kwa nafasi yake: nani alishika mji mkuu, nani alishika kiti nje, nani alishika ardhi na silaha. Kisha atazame jina la nchi kwenye waraka, kwa sababu jina linakuambia ni upande gani ulioandika. Kati ya 1979 na 1989 waraka wa Phnom Penh utasema Jamhuri ya Watu wa Kampuchea. Wa New York utasema Kampuchea ya Kidemokrasia. Ukichanganya hizo mbili, umechanganya maadui.

Na hao wa video za dakika tatu wenye muziki wa huzuni na picha za mafuvu, wapiteni mbali. Watakutajia vifo milioni tatu bila kusema kwamba hesabu hiyo ilitoka kwa serikali ya Heng Samrin yenyewe. Wataalamu wa idadi ya watu waliotumiwa na mahakama waliweka kati ya milioni 1.7 na 2.2, wapatao 800,000 kati yao wakiwa wameuawa kwa mabavu, na wengine wakifa kwa njaa, maradhi na kazi. Hawatakuambia kwamba Heng Samrin na Hun Sen walikuwa makamanda wa Khmer Rouge kabla ya kukimbilia Vietnam.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaojiona werevu zaidi, wanaofundisha kwamba Marekani ndiyo iliyomuumba Pol Pot. Aliongoza chama tangu 1963, na vita vyao vya msituni vilianza 1968, mwaka mmoja kabla ya ndege za Marekani za B-52 kuanza kampeni yao kubwa huko Machi 1969. Mabomu yaliwaletea vijana wenye hasira. Wito wa Sihanouk kutoka Beijing, baada ya Jenerali Lon Nol kumpindua Machi 1970, uliwaletea wakulima waliokuwa hawajawahi kulisikia jina la Pol Pot na walioamini wanampigania mfalme wao.