Muulize Fundi: Faiba ya boti inafaa kwenye upinde?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeshachonga pinde tatu za mbao tupu, mmoja ulinivunjikia mkononi na miwili imebaki imekunjika hata nikitoa upote, yani ile kamba ya upinde. Sasa nataka nihamie kwenye zile ambazo ncha zake zimekunjwa kwenda mbele, za mbao na faibaglasi, nitengenezee hapa hapa nyumbani. Ninacho kitambaa cha faiba kilichobaki kwenye kazi ya boti pamoja na resini yake. Je naweza kukibandika juu ya mbao nikamaliza? Na ntajuaje utatoka paundi ngapi, yani nguvu ya kuuvuta, mi nataka 40.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hicho kitambaa kiweke kwa ajili ya boti. Kimefumwa, yani nyuzi nyingine zinaenda kwa urefu nyingine zinakatiza kwa upana, na hizi za upana upinde ukikunjwa hazifanyi kazi yoyote zaidi ya kuongeza uzito kwenye ncha ambako ndo hatutaki uzito kabisa. Faiba ya pinde inauzwa kama utepe mgumu uliokwisha kauka kiwandani, nyuzi zote zimelala kwa urefu, unene wake kama milimita 1 hivi, na unahitaji tepe mbili, mmoja wa mgongoni, upande unaotazama shabaha, na mmoja wa tumboni, upande unaokutazama wewe. Na resini ya boti mara nyingi ni poliesta, haishiki mbao kama gundi ya epoksi inavyoshika, kwa hiyo nayo iache.

Kwa nini mgongoni na tumboni tu? Ukivuta upinde, mgongo unavutwa na tumbo linabanwa, katikati kumetulia. Mafundi wa zamani wa Asia ya Kati walilijua hili, wakaweka kano za wanyama mgongoni na pembe tumboni, mbao ikakaa kati. Faiba imechukua nafasi ya kano na ya pembe kwa pamoja, mbao ya kati kazi yake kubwa ni kuziweka faiba mbili mbali mbali, ndo maana mwanzi au mbao yoyote nyepesi yenye nyuzi zilizonyooka inatosha. Ila uiranda iwe vibao viwili au vitatu vyembamba, vinavyopungua unene kuelekea nchani, kama milimita 2 kwa kila mita, ukiweka vyote vya unene ule ule mwanzo mpaka mwisho upinde utakunjika karibu na mshikio tu.

Sasa paundi. Hapa naomba unisikilize sana maana ndo wengi wanaumia. Ukiongeza upana mara mbili nguvu inaongezeka mara mbili, lakini ukiongeza UNENE mara mbili nguvu inaongezeka mara nane. Tuseme mkono wa upinde, yani kila upande kutoka mshikio hadi ncha, una unene wa milimita 10 ukijumlisha na faiba na unatoa paundi 40, ukikosea nusu milimita tu kwenda juu unapata kama 46, ukikosea milimita nzima unapata 53, upinde mwingine kabisa huo! Kwa hiyo nunua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kabla hujanunua gundi, pima kila kibao sehemu nyingi na uandike namba kwenye daftari pamoja na urefu wa upinde na umbo la kalibu, yani lile umbo la kubania vibao wakati wa kugundisha. Upinde wa kwanza hautatoka 40 kamili, utakuja karibu, ila ukiwa na daftari wa pili unaurekebisha kwa hesabu. Mi mwanzo nilikua napima kwa macho na vidole, nikapoteza mbao nzuri mno.

Kalibu ichonge kwa plaiwudi zilizogandishwa pamoja, uso wake uwe umenyooka pembe mraba na ubavu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, maana kosa lolote la kalibu linahamia kwenye upinde na haliondoki. Ipake nta, uizungushie nailoni isije ikagandana na upinde. Halafu kabla ya gundi fanya jaribio kavu, panga kila kitu, funga, mulika tochi kwa nyuma, ukiona mwanga unapita kati ya vibao hapo gundi haitakuokoa, rudi kwenye msasa. Sehemu ya kuangalia zaidi ni kabari za mshikio, pale mshikio unapoisha na mkono unapoanza, zile kabari ziishe nyembamba kama karatasi, zikiwa nene upinde utaanza kubanduka hapo hapo.

Siku ya gundi yenyewe ni kama saa moja tu. Nyuso zote ziwe zimekwaruzwa na msasa mkavu wa namba 60 au 80 na kufutwa vumbi, usizishike tena kwa vidole vyenye jasho, paka epoksi pande zote mbili, weka alama za katikati na kipini cha kuzuia vibao visiteleze kwa sababu vikishalowa vinateleza kama samaki. Kubana unaweza kutumia tepe za tyubu ya tairi ukizungusha kwa kuvuta, zinabana sawasawa kuliko klempu chache, ila usikamue mpaka gundi yote itoke. Epoksi nyingi za pinde zinataka joto la nyuzi 70 hadi 80 kwa saa kadhaa, fuata maelezo ya chupa, na boksi la plaiwudi lenye balbu za kizamani na kipimajoto linatosha, usiondoke ukaliacha peke yake.

Kukata na kusawazisha punguza pembeni, kwenye upana, sio juu ya faiba, maana ukizikata zile nyuzi umeudhoofisha. Upote ukikaa pembeni mwa mkono, piga msasa ubavu mmoja mara chache, funga upote tena uangalie, ikizidi kuharibika hamia ubavu wa pili.

Na vumbi la faiba mwanangu, barakoa ya kweli ya vumbi laini, sio kitambaa, na msasa wa maji unapoweza. Epoksi mbichi vaa glavu kila siku, ngozi ikishaikataa haisamehi tena.

SWALI: Fundi, upinde wangu wa faiba umeanza kubanduka karibu na ncha, sijawahi kuuangusha. Nini?

JIBU: Pole dada. Angalia mambo mawili. Kama unauacha kwenye gari lililofungwa juani, joto la humo ndani linaweza kulegeza gundi kabisa. Na kama kuna mtu amevuta akaachia bila mshale, hata mara moja, nguvu yote iliyotakiwa kwenda kwenye mshale inarudi kwenye mikono ya upinde, na ncha ndo zinaumia. Acha kuuvuta leo hii. Kama ufa ni mfupi na hauna uchafu, ingiza epoksi nyepesi kwa wembe, bana na nailoni na tyubu, upe muda wake wote wa kukauka, halafu uvute kidogo kidogo ukiwa umevaa miwani, uso usiwe mstari mmoja na mkono huo. Ukisikia mlio wowote, usiurudie tena.