Muulize Mfamasia: Kidonge cha bibi na mjukuu mwenye pumu

SWALI: Assalaam alaikum daktari. Mamangu ana miaka 67. Mwaka jana alipata shtuko la moyo, akaandikiwa bisoprolol pamoja na dawa nyingine. Sasa yualalamika vidole vina baridi hata jua la saa saba, na kupanda ngazi za nyumba yetu hapa Kibokoni kwamchosha. Yuataka kuacha. Mwanangu naye atasoma kaswida harusini, na moyo humwenda mbio mbele za watu. Rafikiye kamwambia ameze kidonge kimoja cha bibi atulie. Kijana ana pumu. Ni dawa gani hii ifaayo kila kitu?
Mama wa Kibokoni

JIBU: Waalaikum salaam, mama. Mimi ni mfamasia, udaktari mwanipa bure tu. Nianze na kijana: asikiguse.

Mtu akishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Ikifika moyoni hushika vipokezi, yaani vijiti vyake vya kukalia, viitwavyo beta, moyo ukapiga kwa kasi na kwa nguvu. Bisoprolol ni ya kundi la dawa liitwalo beta bloka, nayo ni kama abiria aliyewahi kiti cha matatu: adrenalini yaja, yakuta pamekaliwa. Moyo hupunguza mwendo, kazi yake ikawa nyepesi. Ndiyo maana hupewa waliopata shtuko la moyo, wenye presha, wenye maumivu ya kifua na wale ambao mapigo yao yameharibika mpangilio. Propranolol, beta bloka nyingine, ndugu mkubwa wa bisoprolol, huzuia kipandauso na hutuliza mikono inayotetemeka.

Lakini mapafu nayo yana vipokezi vya beta, vya aina nyingine, na kazi yao ni kufungua njia za hewa. Ile pampu ya buluu ya mwanao hufanya kazi kupitia hivyo hivyo. Bisoprolol huelemea zaidi moyoni, ila haiachi mapafu kabisa. Mwenye pumu aweza kubanwa kifua, na pampu isimsaidie ipasavyo. Kaswida na aizoeze mbele ya wajombaze kwanza.

Ama mamako, vidole baridi na uchovu ni mambo yajulikanayo ya dawa hii. Uchovu mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Asiache ghafla hata kidogo. Moyo uliozuiliwa kwa muda mrefu huwa mwepesi kushtukia adrenalini, na kuacha kwa mara moja kwaweza kuleta maumivu ya kifua au shtuko jingine. Daktari ndiye wa kupunguza kipimo, kidogo kidogo.

Asubuhi kabla hajameza, mshike kifundo cha mkono umhesabie mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, au akisikia kizunguzungu, asimeze kwanza. Mpigie daktari wake siku hiyo hiyo. Akizimia, akikosa pumzi au kifua kikimbana, mkimbizeni hospitali.

Hukuniambia kama ana sukari. Ikiwa adunga insulini, jueni kuwa sukari ikishuka moyo huenda usimwende mbio kama zamani. Mtazameni jasho kama dalili badala yake.