Beer-sheba: kisima cha saba au kisima cha kiapo?

SWALI: Tanbihi ya Biblia yangu kwenye Mwanzo 21:31 inasema Beer-sheba ni "kisima cha kiapo". Kamusi ninayoitumia kuandalia darasa la kipaimara inasema ni "kisima cha saba", na mhubiri mmoja alitufundisha kuwa ni "visima saba". Niwafundishe wanafunzi wangu lipi?

JIBU: Mwalimu, tafsiri mbili za kwanza zote zina msingi katika Kiebrania chenyewe, na ile ya tatu haina. Nianze na hiyo ya tatu, kwa kuwa haihitaji maneno mengi. Neno "be'er" ni kisima kimoja; visima vingi ni "be'erot". Mwebrania akitaka kutaja visima saba hutanguliza namba na kuliweka jina katika wingi, yaani "sheva be'erot". Katika jina letu kisima kimetangulia, nacho ni kimoja, na neno linalofuata linakipambanua, kama ilivyo katika Beer-lahai-roi, kisima cha Hajiri katika Mwanzo 16:14.

Ugumu wote umo katika sehemu ya pili ya jina. Kiebrania hujenga maneno yake juu ya mizizi ya konsonanti, na hapa mzizi una herufi tatu: shin, bet na ayin. Kutokana na herufi hizo hizo tunapata "sheva", namba saba, na "nishba", kuapa, pamoja na "shevua", yaani kiapo. Wataalamu wengi wameona kwamba kuapa huko asili yake ni kujifunga kwa saba. Herufi ya mwisho, ayin, ni ile sauti ya kooni ambayo waliopita madrasa wanaijua katika Kiarabu, na Kiswahili kiliiacha kilipolipokea neno "sab'a" na kulifanya "saba". Kwa hiyo unapohesabu sita, saba, nane, hiyo saba yako na "sheva" ya Kiebrania ni ndugu wa ukoo mmoja wa lugha za Kisemiti.

Sasa fungua Mwanzo 21 kuanzia mstari wa 22, maana hapo ndipo msimulizi anapoonyesha ustadi wake. Abimeleki anakuja na Fikoli, jemadari wa jeshi lake, akimtaka Ibrahimu aape. Ibrahimu anakubali, kisha analeta lalamiko lake kuhusu kisima ambacho watumwa wa Abimeleki walikinyang'anya, na anawatenga wana-kondoo wa kike saba wawe ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekichimba. Katika maandishi ya Kiebrania kitenzi cha kuapa kinatokea mara tatu, katika mistari ya 23, 24 na 31. Namba saba inatokea mara tatu, katika mistari ya 28, 29 na 30. Na jina Beer-sheba linatokea mara tatu, katika mistari ya 31, 32 na 33. Mimi siamini kwamba mpangilio huo umetokea kwa bahati. Msikilizaji wa kwanza alisikia mzizi mmoja ukirudiwa hadi jina la mahali likawa limebeba wana-kondoo na kiapo kwa pamoja, na sisi tunaosoma kwa Kiswahili tunaukosa mwangwi huo kwa sababu "saba" yetu na "kuapa" kwetu havifanani hata kidogo.

Ukitaka kujua msimulizi mwenyewe analieleza jina kwa lipi, jibu ni kiapo, kwa maana mstari wa 31 unasema waziwazi kwamba pakaitwa hivyo kwa kuwa wote wawili waliapa hapo. Ukiuliza umbo la neno lenyewe linafanana na lipi, jibu ni saba. Tanbihi yako imefuata maelezo ya simulizi, na kamusi yako imefuata umbo la neno.

Watafsiri wa kale nao walilazimika kuchagua. Waliotafsiri kwa Kiyunani waliandika "kisima cha kiapo". Katika Mwanzo 26:33, ambapo Isaka anakiita kisima chake Shiba siku ile ile aliyoapiana na Abimeleki, Jeromu aliandika kwa Kilatini neno lenye maana ya wingi au utele. Herufi moja ya Kiebrania husomeka "sh" au "s", na nukta inayozitofautisha iliongezwa karne nyingi baadaye. Kwa "s", mzizi huo unakuwa ule wa kushiba. Ndiyo, kushiba, na neno letu hilo nalo tumelipata kutoka Kiarabu, kwa mzizi ulio ndugu wa huo.

Jihadhari na jambo moja ambalo wanafunzi hakika watakuuliza: Sheba ya yule malkia aliyemtembelea Sulemani haihusiani na kisima hiki. Jina lake linaishia na alefu badala ya ayin, ingawa kwa maandishi yetu yanafanana kabisa. Bathsheba, kwa upande wake, na Elisheba mke wa Haruni katika Kutoka 6:23, wana mzizi ule ule wa saba na kiapo, na Elisabeti ni umbo la Kiyunani la jina hilo la Elisheba.

Darasani, andika ubaoni Beer-sheba, na chini yake: "kisima cha kiapo, pia kisima cha saba". Kisha wasomeshe mistari ya 22 hadi 34 kwa sauti, nao wagonge meza kila wanapofika kwenye kuapa, saba au Beer-sheba. Biblia yao ikiwa imefuata Kiebrania kwa karibu, watagonga mara tisa.