Maswali na majibu: Kivumbasi kipi unachoniuliza?

Kivumbasi kina antioksidanti kiasi gani? Naomba namba tu.

Kivumbasi kipi? Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara halina jina kamili la mmea. Tunaita kivumbasi mimea kadhaa ya jenasi moja, Ocimum, na mafuta yake tete, yale yenye harufu, hayafanani. Ocimum kilimandscharicum mara nyingi hutoa mafuta yaliyojaa kafuri. Kwa Ocimum gratissimum hata jina la kitaalamu halitoshi: upo unaojaa yujenoli, ile ile ya karafuu, na upo unaojaa thimoli. Yote miwili majani yake yana meno pembeni, kwa macho huwezi kuitenganisha. Fikicha jani kiganjani unuse, hapo ndipo utaanza kujua.

Na tofauti hiyo ndiyo jibu lenyewe. Yujenoli na thimoli ni fenoli. Kwenye pete ya molekuli yake kuna haidroksili inayoachia haidrojeni kwa wepesi, na haidrojeni hiyo ndiyo inayoituliza radikali huru, molekuli korofi inayoharibu nyingine; kutuliza huko ndiyo kazi ya antioksidanti. Kafuri haina haidroksili. Tia mafuta ya kafuri kwenye DPPH, radikali ya zambarau tunayopimia antioksidanti, zambarau itabaki karibu vile vile nusu saa nzima. Tia ya yujenoli, itafifia mpaka iwe njano ukiitazama. Kwa hiyo kwanza mmea utambuliwe na mtaalamu, na tawi lake likaushwe na kuhifadhiwa, kisha mafuta yapimwe kwa kromatografia ya gesi, mtambo unaotenganisha viambato vyake. Andika na mwezi wa kuvuna, na kama mmea ulikuwa umechanua. Nimesoma kazi nyingi zisizotaja hata moja kati ya haya, na inaniuma, kwa sababu jasho lote lile hakuna awezaye kulirudia wala kulihakiki.

IC50 yangu ni 85, ya mwenzangu ni 12. Nimemshinda?

Hapana. IC50 ni kiasi kinachotosha kutuliza nusu ya radikali, kwa hiyo namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Na kabla ya kushindana, hakikisheni vipimo vyenu ni vya aina moja na kila mmoja alipima vitamini C au Trolox, antioksidanti za kulinganishia, sambamba.

Kwa nini maji ya majani ya mrehani yamepima vizuri kuliko mafuta yake?

Kwa sababu asidi ya rozmarini, antioksidanti yenye nguvu ya majani hayo, haipandi na mvuke. Ukikeneka majani kwa kifaa cha Clevenger, inabaki chini kwenye yale maji ya kahawia mnayoyamwaga. Kinachopanda kwenye mrehani mara nyingi ni linaloli au estragoli, na zote mbili ni dhaifu mbele ya DPPH. Msiyamwage maji yale. Choteni mpime, huenda ndiyo matokeo bora ya siku nzima.

Mtambo wa kromatografia umenipa majina 63 ya viambato. Niyaorodheshe yote?

Yale uliyoyathibitisha tu. Kompyuta inalinganisha spektra, yaani alama ya kila kiambato, na maktaba yake na kukupa jina linalokaribia, na terpeni, kundi kubwa la viambato vya mafuta haya, nyingi spektra zake ni kama mapacha. Kama hukupitisha alkani za kulinganishia kwenye mtambo ukakokotoa faharasa ya muda wa kutoka, orodha yako ni ubashiri.

Mafuta yangu ya mwaka jana yamenata na harufu imegeuka. Bado yanafaa?

Hayafai. Yameoksidika yenyewe. Linaloli na limonini zikikaa na hewa huzaa haidroperoksidi, na hizo huleta mzio wa ngozi, basi usimpake mtu. Mengine yatie kwenye chupa ya kioo cheusi, uijaze hadi shingoni, uiweke penye baridi.

Kama yana antioksidanti nyingi hivyo, ninywe matone mangapi kwa siku?

Usinywe hata moja. DPPH ni kemikali ya maabara, haipo mwilini mwako, na jaribio hufanyika ndani ya methanoli, mahali pasipo tumbo wala ini. Linakuambia molekuli inaweza kutoa haidrojeni, basi. Tena hata antioksidanti iliyopimwa kwa watu inaweza kudhuru: Ufini, mwaka 1994, wanaume wavutaji sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa.

Na mafuta tete si majani. Chupa ndogo ni rundo zima la majani lililokamuliwa. Mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu alizimia, akapata degedege na ini likaharibika. Huyo aliponea chupuchupu. Kafuri nayo huleta degedege. Anayeuza mafuta haya na kuandika "kunywa matone matatu asubuhi" eti kwa sababu IC50 ni ndogo anahatarisha watu, na nitaendelea kulisema hili kila nitakapoulizwa.

Mtoto akiyameza, usimtapishe, maana yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na chupa uibebe.